Uliyeuliza kuhusu kuingia baraza la kata, njoo nikwambie nilichokiona

Mdogo wangu, salamu. Umesema una miaka 31, uko Bagamoyo, mtendaji wa kata kakwambia jina lako limependekezwa baraza la kata, yaani kile chombo cha kusuluhisha migogoro ya wakazi, na unauliza mambo matatu: kuna hela? Lazima uwe umesoma sheria? Na hutagombana na mtaa mzima? Mimi niko Tanga, fundi cherehani, kibanda changu kipo Ngamiani ila naishi nje kidogo ya mji, njia ya Pangani. Niliingia baraza la kata yetu 2017 na bado nipo.

Hela tuimalize kwanza. Mshahara hakuna. Kuna posho ya kikao, ikipatikana. Sisi kuna miezi tumekaa vikao vinne tukaambulia chai ya rangi na mihogo aliyoleta katibu. Kama una biashara inayofungwa usipokuwepo, hesabu siku hizo kabla hujasema ndiyo.

Sheria si lazima uwe umeisoma. Uwe mkazi wa kata hiyo, Kamati ya Maendeleo ya Kata ikuchague, na usiwe mbunge wala hakimu. Wajumbe wanakuwa wanne mpaka wanane, na watatu lazima wawe wanawake. Hapo kwenye wanawake ndipo nilipoingilia mimi, sijifichi. Walikosa wa tatu, wakanikumbuka kwa kuwa kila mtu ameshapimwa nguo kwangu.

Lakini kuna jambo moja watu hawalijui, na ndilo linalowakatisha tamaa wanaokuja wakijiona mahakimu. Zamani baraza lilikuwa na uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, uwezo huo ukaondolewa. Sasa tunasuluhisha tu. Wakipatana, tunaandika. Wasipopatana, tunawapa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kule bila hati hiyo hawasikilizwi. Zikipita siku 30 sisi hatujafanya kitu, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda hivyo hivyo. Wenzangu wawili waliacha mwaka ule ule. Walisema tumenyang'anywa rungu.

Mimi nilishukuru, na nitakwambia kwa nini. 2019 tulikuwa na shauri la kiwanja. Siku ya kwanza tulikaa watano. Siku ya pili nilikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, sikwenda, akakaa mwingine ambaye hakumsikia shahidi hata mmoja wa jana yake. Siku ya kuamua nikarudi, nikatia saini na wenzangu. Aliyeshindwa akakata rufaa, na kule juu wakauliza swali moja tu: mbona waliosikiliza sio walioamua? Mwenendo mzima ukafutwa. Mzee aliyekuwa ameshinda alinifuata kibandani. Hakunigombeza. Aliweka nakala ya ile rufaa juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akaikunjua kwa kiganja, akasubiri nisome, akaichukua, akaondoka. Gauni la mtu ndilo lililomrudisha mwanzo.

Kwa hiyo siku hizi wakipangwa watatu wa kusuluhisha, ambao mmoja wao lazima awe mwanamke, kama ni mimi basi naanza na mimi nitamaliza, cherehani ilale.

Kazi yenyewe ikoje? Mara nyingi ni kutembea. Mgogoro ukiusikilizia ofisini unasikia maneno, ukienda shambani unaona minyaa iliyopandwa mpakani. Tulikuwa na shauri la mama mmoja mtu mzima na kijana wa jirani. Kijana alikuwa anataka kuuza shamba kwa mnunuzi wa kutoka Dar. Nawe unajua, tangu lije bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, hata mashamba ya huku kwetu yaliyokuwa yamesahauliwa yamepata wenyewe watano watano. Kijana anasema babu yake alilinunua, na kweli kwa miaka yote wao ndio walioangua nazi. Mama anasema shamba ni la marehemu mamake.

Ofisini walitukanana vikao viwili. Tukasema twende. Tulipofika, mzee mmoja wa pale, ambaye hata hakuitwa kuwa shahidi, akamwuliza kijana: "Babu yako alipewa minazi mingapi?" Kijana bila kufikiri akasema, sita. Basi. Mtu wa pwani atanielewa. Anayenunua shamba hahesabu minazi, anaonyeshwa mipaka. Anayehesabu minazi ni yule aliyewekewa rehani. Marehemu mamake yule mama alifiwa, akahitaji sanda na chakula cha matanga, akaiweka minazi sita kwa jirani mpaka atakapolipa, akafa hajalipa. Ardhi haikuuzwa, iliyokwenda ni nazi tu. Tukaizunguka minazi tukaihesabu: minne imesimama, miwili imebaki visiki, mmoja umeliwa na mchwa mpaka ukikanyaga mguu unazama.

Hatukumwambia kijana "umeshindwa". Tulikaa chini ya mnazi wa tatu mpaka adhuhuri, na yule mama mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba deni la mamake analitambua na atalilipa. Wakakubaliana laki tatu na nusu, kwa mara mbili. Katibu akaandika gotini, wakaweka dole gumba. Baraza lingekuwa na rungu siku ile, mmoja angetoka na karatasi na mwingine angetoka na panga.

Kuhusu ndoa, kwetu wanakuja wengi kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Huko ujiandae kusikia ya chumbani na kuyaacha palepale. Ila mke akija amepasuliwa uso, au jambo linamhusu mtoto, usijifanye msuluhishi. Hilo ni la polisi, dawati la jinsia, siku hiyo hiyo. Kuna wazee watakwambia "tuyamalize kifamilia". Wakatalie, hata kama ni wajomba zako.

Sasa kugombana na mtaa. Utagombana kidogo, si kwa sababu ya maamuzi, kwa sababu ya mdomo. Mtu akija kupimwa nguo anaanza, "hivi lile la fulani mmefikia wapi?" Nikijibu hata "mh", kesho limekuwa uamuzi. Na zawadi zina sura nyingi. Mlalamikaji mmoja aliniletea doti tatu za khanga nimkunjie pindo, kazi ya elfu tatu, akatoa elfu hamsini akasema chenji kaa nayo. Nilimrudishia chenji mbele ya wateja, nikamwambia mwenyekiti, nikajitoa kwenye shauri lake. Hanisalimii mpaka leo, na nguo anapeleka kwa fundi mwingine.

Nauli ya kwenda shambani nayo ina fitina zake. Sisi pande zote mbili zinachangia sawa, katibu anaandika mbele yao. Akilipa mmoja, mwingine ataona tumekuja na gari la adui.

Kama bado unataka, kubali jina lako lipelekwe kwenye Kamati, na nunua daftari lako mwenyewe, usitegemee la katibu. Andika tarehe, waliokaa, na nani alisema nini. Maswali mengine yaache hapa nitayajibu jioni. Kesho asubuhi tuna kikao na mlalamikiwa ameshapelekewa samansi mbili hajatokea. Leo mimi ndiye napeleka ya tatu, nyumba kwa nyumba.