Tucunaré Mwenye Vidoa na Mwenye Milia: Tazama Nyuma ya Jicho

Msomaji mmoja amenitumia picha mbili za samaki waliovuliwa Rio Negro, nchini Brazili, akitaka kujua ni spishi zipi mbili. Mmoja ana rangi ya kijani inayoelekea dhahabu na milia mitatu mipana ya wima. Mwingine ni wa kahawia iliyokoza, mwenye safu za vidoa vyeupe ubavuni. Nilimjibu kwamba wote ni Cichla temensis, mkubwa kuliko wote miongoni mwa tucunaré, yaani samaki wa mito ya Amerika Kusini wa jamii ya Cichla, nami nilimjibu kwa fahari, kwa sababu jibu hilohilo liliwahi kunifanya nidharauliwe hadharani na mtu niliyemheshimu katika fani hii, aliyedai kwamba asiyeweza kutenganisha vidoa na milia hafai kumwelekeza mwingine. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Samaki huyu hubadilika kwa majira ya uzazi. Asipokuwa tayari kuzaa huwa na vidoa, na wavuvi wa huko humwita paca. Mayai au manii yanapokomaa, vidoa hufifia, mwili hung'aa, milia hujitokeza, dume huota nundu utosini, na hapo huitwa açu. Walio katikati ya hali hizo hubeba alama zote mbili kwa pamoja, nao ndio wanaozusha mabishano mengi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na kichwa. Cichla temensis aliyekomaa ana mabaka meusi yanayotoka nyuma ya jicho kuelekea kwenye kifuniko cha matamvua. Cichla monoculus kwa kawaida hana mabaka hayo, bali ana madoa meusi ubavuni karibu na tumbo, na Cichla orinocensis hujulikana kwa madoa matatu ya mviringo yaliyozungushiwa rangi ya dhahabu. Doa la mkiani lisikushughulishe, kwani jamii nzima inalo. Kullander na Ferreira, wataalamu wa samaki walioipanga upya jamii hii mwaka 2006 na kutambua spishi 15, hawakutegemea rangi peke yake. Walihesabu na magamba, na magamba ya temensis ni madogo na mengi.

Mtu anayetamka jina kabla hajauliza samaki alivuliwa mto gani na katika majira gani anawapotosha wanaomwamini, hata akiwa na sifa kubwa kiasi gani. Uliza kwanza, kisha omba picha ya ubavu mzima, kichwa kikionekana wazi, iliyopigwa samaki angali hai, maana rangi hubadilika upesi akishakufa.