Mama anatembea akishika ukuta: je, tai chi itamsaidia?

SWALI: Shikamooni. Mama yangu ana miaka 72. Mwaka huu ameanguka uani mara mbili, hakuvunjika, lakini sasa hatembei bila kushika ukuta. Jirani amemwambia ajaribu tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole. Yana faida kweli, au ni kunyoosha viungo tu? Aanzie wapi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, na mama mpe pole. Faida ipo, tena si ya kunyoosha viungo. Utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa 2018, ulihusu wazee wa miaka 70 na zaidi walio katika hatari ya kuanguka. Waliofanya tai chi saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka chini ya nusu ya mara walizoanguka walionyoosha viungo.

Mwenye hofu ya kuanguka hukwepa kusimama kwa mguu mmoja, hivyo huburuza nyayo, na unyayo unaoburuzwa ndio unaojikwaa. Tai chi humrudisha hapohapo anapopaogopa: uzito wote uhamie mguu mmoja kwanza, ndipo wa pili unyanyuke.

Mfululizo mzima wa tai chi, wa mikao 24, usubiri. Aanze na hatua moja tu. Asimame ukuta ukiwa nyuma yake na mgongo wa kiti kizito cha mbao mbele yake; cha plastiki huteleza. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, magoti yalegee kidogo, macho yatazame mbele. Akihesabu hadi nne, auhamishie uzito mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mwepesi. Apeleke wa kushoto mbele, kisigino kitangulie, unyayo utue, kisha uzito ufuate. Arudi, abadilishe. Mara nane kila upande zinatosha mwanzoni.

Kosa kubwa ni kuudondosha uzito pamoja na mguu. Mpime hivi: kisigino kikishagusa chini, mwambie aurudishe mguu. Akishindwa, uzito umetangulia, na hatua ni ndefu mno, aifupishe. Goti likiuma, mara nyingi limeingia ndani au amechuchumaa sana. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu, naye asimame juu zaidi.

Afanye saa 12 na nusu asubuhi, jua la Dar halijawa kali, kwenye sakafu kavu. Avae viatu bapa vinavyoshika mguu, si ndala, na khanga iishie juu ya vifundo. Mchanga wa ufukweni si wa anayeanza.

Ila kama anatumia dawa za presha na husikia kizunguzungu akiinuka, au nyayo zina ganzi, amwone daktari kabla ya yote. Kuanguka mara mbili ndani ya mwaka kunatosha kumpeleka.

Wewe simama ubavuni, mkono wako ukiwa tayari, lakini usimshike. Akishikwa, atakuegemea wewe, na mguu wake hautabeba kitu.