Usiihukumu draivu ya tepu kabla hujaipima

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana anayetunza seva za ofisi moja huko Kigoma. Draivu yao ya tepu, yaani mashine inayoandika data za seva kwenye utepe wa sumaku, ni ya aina ya LTO-5; siku nyingine inamaliza bakapu (nakala ya akiba) ya usiku bila shida, siku nyingine inakwama katikati na asubuhi anakuta kosa la kuandika. Ofisini wameshaanza kumwambia mashine hiyo ni takataka, zinunuliwe diski za nje yaishe. Nimemjibu kwa simu, ila naandika na hapa kwa kuwa najua mko wengi mliorithi mashine hizi bila kufundishwa.

Mimi yalinikuta hapa Tabora. Draivu yetu ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Uongozi ukaleta mtaalamu kutoka Dar. Akaweka tepu moja, ikakataa, akaandika ripoti kwamba draivu imekufa. Mimi niliyekesha nayo sikuulizwa hata neno. Niliposema kuwa iliyokufa haiwezi kufanya kazi Jumanne ikagoma Alhamisi, niliambiwa niache ubishi. Mpaka leo jambo lile linaniuma.

Fedha ya kununua mpya haikupatikana, nami nikabaki na draivu yangu. Nikaanza kuandika daftarini kila bakapu: tepu ipi, saa ngapi, kosa gani. Daftari ndilo lililonipa jibu. Makosa mengi yaliandamana na tepu zile zile chakavu. Nilipoziondoa kwenye mzunguko, hali ikatulia kwa kiasi kikubwa.

Yaliyobaki yalikuja usiku wa kunakili faili ndogo ndogo nyingi. Ukikaa karibu unaisikia: inakwenda, inasimama, inarudi nyuma, inakwenda tena. LTO-5 inaweza kuandika megabaiti 140 kwa sekunde, na ina kasi ya chini ambayo haiwezi kushuka zaidi ya hapo. Seva ikileta data polepole kuliko kasi hiyo, draivu inaishiwa cha kuandika, inasimama, inairudisha tepu nyuma kidogo, halafu inaanza tena. Kwenda na kurudi huko usiku kucha kunachosha tepu na kunasaga vichwa vya kuandikia. Nikaielekeza bakapu kwenye diski kwanza, faili zote zikafungwa kuwa faili moja kubwa, ndipo likaenda kwenye tepu kwa mkupuo. Ile kwenda na kurudi ikakoma. Draivu ile iliyoandikiwa ripoti ya kifo ndiyo inayotunza kumbukumbu za ofisi mpaka sasa, na nitalisema hilo bila haya.

Kwa hiyo vijana, anzeni na tepu. Jaribu tepu mpya au unayoiamini. Ikiandika vizuri, yaelekea kosa si la draivu. Ikigoma nayo, weka katriji ya kusafishia, maana vumbi letu la kiangazi hapa Tabora linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na tepu yenye upana wa nusu inchi tu ina njia 1,280 za kuandikia. Lakini safisha pale draivu inapoomba. Katriji hiyo inasugua vichwa, na ina kikomo, mara nyingi matumizi 50, baada ya hapo haisafishi tena. Msipulize kwa mdomo, msiingize pamba wala spiriti.

Kisha kebo inayounganisha draivu na seva: ichomoe, iangalie, ichomeke upya, au ibadilishe. Kisha kasi ya seva. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha tepu, kebo na programu kwa pamoja, hata ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudia utaanza upya. Tepu iliyosafirishwa juani ilale kwanza kwenye chumba cha seva mpaka kesho yake. Iliyoanguka chini isiingie kabisa kwenye draivu, maana pini ya mwanzo wa tepu, ile ambayo draivu huishika ili kuivuta tepu, inaweza kuwa imechomoka.

Na msiwaambie wakubwa kwamba bakapu imefaulu kwa sababu tu programu imeandika hivyo. Chagua faili, lirudishe kutoka kwenye tepu hadi kwenye folda nyingine, lifungue, lisome. Fanyeni hivyo kila mwezi, na tarehe iandikwe daftarini pamoja na jina la aliyelifungua.