Sisi Moravian, wao Walutheri

Mwanangu,

Ndaga. Ujumbe wako ulinikuta kibarazani nachambua maharage na mama yako, tukacheka mpaka jirani akachungulia. Unasema ulipokwenda Mwakaleli kujitambulisha, babu wa binti alikuuliza, "Ninyi Wamoravian mlitokea wapi?" ukabaki unakuna kichwa. Sasa unaniuliza mimi: iweje watu wa lugha moja na ndizi zile zile tusali mbalimbali?

Jibu fupi ni mpaka.

Mwaka 1891 Wajerumani wa misheni mbili walipanda huku kwetu Unyakyusa kutokea Ziwa Nyasa, karibu kwa wakati mmoja. Wamoravian, waliotumwa kutoka Herrnhut, mji wao huko Ujerumani, walikuwa wanne, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki kabla hajafika Rungwe. Wengine walikuwa Walutheri wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, aliyekwisha kufanya kazi miaka mingi Afrika Kusini. Ili wasije wakagombania waumini, wakagawana nchi: Moravian magharibi, Berlin mashariki. Wetu wakajenga Rungwe, wao wakashika Manow na Mwakaleli, kisha wakaendelea hadi Ukinga, Ubena na Uhehe. Wenye migomba yao hawakuulizwa. Kama babu zako wangehamia ng'ambo kidogo tu, leo ungekuwa unasema "usharika" badala ya "ushirika", na mimi ningekuwa najua majina ya maaskofu wa Konde, dayosisi ya Walutheri.

Huyo mzee akikuuliza tena, mwambie kwa adabu kwamba Jan Hus, padri wa Bohemia huko Ulaya, ambaye sisi tunamhesabu kuwa baba yetu wa imani, alichomwa moto mwaka 1415, miaka 102 kabla ya Luther kutoa hoja zake. Sema ukitabasamu, maana bado hujamaliza mahari.

Lakini hayo ya Ulaya si ndiyo niliyotaka kukuandikia. Mwaka 1916, katika ile Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliingia Tukuyu, na wamisionari wa Kijerumani wa pande zote mbili wakakamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Livingstonia, misheni yao iliyoko Malawi ya leo, walikuja baadaye kusaidia, ila walikuwa wachache na nchi ni pana. Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Babu yangu, baba yake bibi yako, alikuwa kijana wa darasa la ubatizo wakati huo. Alikuwa akisimulia Jumapili ya kwanza bila mzungu: watu wamekaa, wanatazama mlango, hakuna anayeingia. Mwishowe mwalimu mmoja akasimama mbele, mikono imeshika kofia, akaanzisha wimbo. Kufika ubeti wa pili sauti ikamkwama. Mama mmoja nyuma kabisa akaupokea, na wengine wakafuata. Babu alipofika hapo alikuwa ananyamaza kidogo, anaomba maji. Kwangu mimi ushirika wetu ulianza siku ile. Hiyo 1891 ni tarehe ya kuandika kwenye kalenda.

Jengo unalolijua lilikuja baadaye sana. Bibi yako alibeba matofali kutoka tanuru la bondeni, manne kichwani kila safari, mimi nikimfuata na langu moja nimelikumbatia tumboni. Vumbi lake jekundu lilinikaa kwenye shati hadi likatupwa. Kuta ziliinuka upesi. Paa ndilo lililotutesa, kwa sababu fedha za mabati zilipita mikononi mwa mtu ambaye simtaji, wajukuu zake umesoma nao. Misimu mitatu ya mvua tulisali chini ya nyasi, na mvua ya Tukuyu unaijua. Mzee wa kanisa aliyekuwa akigawa vitabu vya nyimbo alikuwa anavifunga ndani ya majani ya mgomba.

Kuhusu harusi, mchungaji wetu hana neno. Anataka cheti chako cha ubatizo, nami nimekwisha kukipata kwenye sanduku la bati, pembe moja imeliwa na mende lakini namba inasomeka. Wao Mwakaleli waandike barua yao. Ifungwe kwao au kwetu, mama yako anasema kwetu, mimi nasema amueni ninyi wawili kabla yeye hajaanza kuhesabu viti.

Mlete binti Pasaka. Alfajiri tunakwenda makaburini kama kawaida, kungali giza, tarumbeta mbele. Mwambie abebe sweta zito. Na wewe njoo siku mbili kabla, kaburi la bibi yako limeota magugu na mgongo wangu hauinami tena.

Baba yako