Maswali ya Wasomaji: Windows 11 Inakataa, na Kompyuta Bado Nzima

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Laptopu yangu ni ya mtumba, Core i5-8250U, RAM GB 8. Kila nikitaka kuitoa Windows 10 niiweke Windows 11 inasema haina sifa. Fundi mmoja kaniambia ninunue nyingine, wa pili anataka kufuta kila kitu apige Windows upya. Niliingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, nikabadili Legacy kuwa UEFI, ikagoma kuwaka, ikidai haioni diski. Nimerudisha ilivyokuwa. Nifanyeje? Hesabu zote za duka zimo humo.

JIBU: Usinunue, ndugu msomaji, na usikubali kufutiwa. Ile 8 inayofuata baada ya i5 ndiyo kizazi, na prosesa yako imo kwenye orodha ya Microsoft. Shida ni namna Windows 10 ilivyopigwa. Mashine nyingi za mtumba hupigwa kwa njia ya zamani: BIOS iko Legacy (namna ya zamani ya kuwasha), diski iko MBR (mpangilio wa zamani wa diski). Windows 11 inataka UEFI (namna mpya ya kuwasha), Secure Boot (kinga dhidi ya programu zisizoaminika wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo), na Windows haiwaki kwa UEFI kama diski si GPT (mpangilio mpya wa diski). Wewe ulibadili BIOS kabla ya diski, ndiyo maana mashine haikuona pa kuwakia. Hakuna kilichoharibika.

Nakili kwanza hesabu na kazi za wateja kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Betri ijae na chaja ibaki imechomekwa, kwani umeme ukikatika wakati diski inageuzwa unaweza kupoteza kila kilichomo. Kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo) imewashwa, isimamishe na uandike karatasini ufunguo wake wa tarakimu 48. Mashine ikiuomba baada ya BIOS kubadilishwa na wewe huna, hakuna fundi atakayekuokoa.

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowfullos. Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Mafaili hayaguswi, inaongezwa tu sehemu ndogo ya kuwashia. Ikikataa, mara nyingi diski imegawanywa sehemu kuu nne, na amri hii hairuhusu zaidi ya tatu. Hamisha vilivyomo kwenye ile ya ziada, kwa mfano D, uifute, ujaribu tena.

Sasa ndipo uingie BIOS (F10 kwa HP, F2 kwa Dell): weka UEFI, washa Secure Boot na TPM, ambayo kwenye mashine za Intel huandikwa PTT. Ikishawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, hakikisha toleo la TPM linasomeka 2.0.

Kuhusu bando: faili la ISO (Windows 11 nzima ndani ya faili moja) linazidi GB 5, basi lipakue mara moja kutoka tovuti ya Microsoft ulitunze kwenye flashi. Flashi hiyo iwe na mfumo wa exFAT. Mfumo wa zamani, FAT32, haupokei faili linalozidi GB 4, na wengi hutupa flashi nzima wakidhani mbovu. Lifungue ukiwa ndani ya Windows 10, endesha setup, chagua kubakiza mafaili na programu. Una siku 10 za kuweza kurudi Windows 10, kwa hiyo usiifute folda ya Windows.old kabla hujaijaribu printa na skana kwa kazi halisi za wateja.

SWALI: Niko Kasulu, yangu ni i5 ya kizazi cha sita. Fundi anasema anaweza kuilazimisha ipokee Windows 11. Nikubali?

JIBU: Kulazimisha kunawezekana, lakini prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Microsoft, nayo haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na kompyuta inayochomekwa flashi za kila mtu haifai kukaa bila masasisho. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 14, 2025. Ipo nyongeza ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Huombwa kwenye Windows Update, toleo likiwa 22H2, kwa akaunti ya Microsoft. Muda huo tafuta mashine ya kizazi cha nane kwenda juu, na kabla ya kulipa fungua tpm.msc na msinfo32 (inayoonyesha prosesa, UEFI na Secure Boot) mbele ya muuzaji.