Siku Nane za Jembe

Mmeuliza wiki hii: je, mfanyakazi wa ofisini aliyechoka anaweza kupumzika kwa kwenda nchi nyingine kujitolea wiki mbili, na wenyeji wakafaidika kweli? Naamini anaweza, mradi aende kwa kazi inayoweza kwisha kabla hajaondoka, na aijue kabla ya kukata tiketi.

Tuanze na hesabu. Una siku 14. Ondoa mbili za kwenda na kurudi, na mbili za mwisho wa wiki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ndivyo ilivyo: siku mbili za mwanzo mtu anaonyeshwa bafu lilipo, anajifunza majina ya watu, usingizi wenyewe haujakaa sawa. Zinabaki nane. Siku nane hazitoshi kufundisha darasa wala kumlea mtoto. Zinatosha kufanya kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho.

Mara nyingi kitu hicho ni kilekile unachokifanya ofisini, na hapo wengi huvunjika moyo kwa sababu walitaka kuikimbia meza. Lakini ukuta uliojengwa na mikono isiyojua timazi hupinda, na fundi wa pale ndiye anayeubomoa na kuujenga upya baada ya wageni kuondoka. Mhasibu aliyeshika mwiko kuujenga ukuta huo angeweza kukaa na mtunza stoo wa zahanati ndogo wakaweka sawa hesabu ya dawa.

Kazi hiyo inaenda hivi. Siku mbili za kuhesabu rafu, watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Safu saba zinatosha: jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuingia, tarehe ya kuisha muda, iliyotoka, salio. Siku ya tatu na ya nne ni za kulinganisha na kumbukumbu za zamani na kupanga rafu upya, ili dawa inayokaribia kuisha muda ikae mbele na itoke kwanza. Kuanzia siku ya tano mgeni aweke kalamu chini. Mtunza stoo anaandika, mgeni anatazama na kujibu maswali. Siku ya nane ni ya makabidhiano, na maelezo yasizidi kurasa mbili.

Kinachoharibu kazi ya namna hii ni mgeni kujenga jedwali lenye fomula chungu nzima kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akiondoka, nywila inaondoka naye, au programu aliyoitumia haipo pale. Kama stoo inaandika kwenye daftari la karatasi, tengeneza daftari zuri la karatasi.

Anayetaka udongo hasa, zipo njia zilizopangwa kwa ajili ya watu wasio mafundi. WWOOF, mtandao unaowaunganisha wanaojitolea na mashamba ya kilimo hai, ilianza mwaka 1971 pale Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetamani kutoka mjini siku za mwisho wa wiki, alipoandaa wikendi ya kazi kwenye shamba la kilimo hai huko Sussex. Kwa kawaida mgeni hufanya kazi saa nne hadi sita kwa siku, naye hupewa chakula na mahali pa kulala. Zipo pia kambi za kazi za wiki mbili au tatu, utamaduni ulioanzishwa na Pierre Cérésole mwaka 1920 karibu na Verdun, Ufaransa, kujenga upya kijiji kilichobomolewa na vita.

Nyumba za watoto yatima, usiende. Wengi wa watoto hao wana mzazi aliye hai, na wageni wenye fedha ni sababu mojawapo ya kuwatoa nyumbani. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila wiki mbili anaachwa tena na tena. Mahali panapokuruhusu kukaa na watoto bila kudai cheti cha polisi hapawalindi.

Kabla ya kulipa chochote, muulize mwenyeji wako: nani alifanya kazi hii mwezi uliopita, na nani ataishika nikiondoka? Akikujibu kwamba ni mgeni mwingine, tafuta kwingine.

Makaratasi yaanze miezi miwili kabla, chanjo mapema zaidi. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi, kwa hiyo viza ya utalii inaweza kukurudisha kutoka uwanja wa ndege. Bima nyingi za safari hazigusi ajali ya kazi za mikono. Soma kipengele hicho. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hakiishi muda. Chanjo ya homa ya ini ya B kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Ukipewa doxycycline ya kuzuia malaria, uimeze kila siku hadi wiki nne baada ya kutoka kwenye eneo lenye ugonjwa. Wengi huiacha wakishapanda ndege, wanaugua wakiwa tayari wamerudi mezani.

Ndani ya wiki hizo nne panga pia simu moja na mtunza stoo, daftari likiwa wazi mbele yake, akusomee ukurasa wa mwisho.