Karoti ya kopo ilivyonichezea

Tulipomzika mjomba, kansa ndiyo ilimmaliza, yeye alianza na ugali kukwama kooni hadi ikabaki uji tu, mi nilishikwa na uoga mbaya sana. Nikaingia kemisti moja hapa Kisumu nikaomba kitu cha kuzuia kansa, nikauziwa kopo la vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya machungwa ya karoti, eti ni karoti tupu. Kila asubuhi nameza kimoja, nashushia na chai ya moto, halafu nawasha fegi. Nikajiona mjanja kweli.

Siku moja nesi aliyekuwa ananipima presha akaona kopo kwa mfuko wangu. "Na bado unavuta?" Nikaenda kusoma mwenyewe, nikachoka. Kule Ufini walijaribu na wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, miligramu 20 kwa siku, matokeo yakatoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiomeza. Yaani mi hapo nilikuwa nalipa pesa yangu.

Kinachochanganya watu ni habari ya damu. Ni kweli tafiti kadhaa zimekuta wenye karotini, laikopini na luteini (hizo ni rangi za mboga na matunda) nyingi damuni hawapati sana saratani ya umio (ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) na tumbo, lakini damu inakuonyesha tu mtu anakula nini na anaishi vipi, maana mwenye damu ya hivyo mara nyingi pia havuti na pombe hanywi sana, sasa utajuaje ni rangi ya mboga ama ni hayo mengine?

Mi nilirudi kwa mama mboga wa Kibuye. Osuga (managu), kunde, viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa. Na usichemshe na maji tupu kama nilivyokuwa nafanya nikidhani ndiyo afya, hizo rangi zinataka mafuta kidogo ndiyo mwili uzichukue. Kaanga nyanya na karoti uone mafuta yanavyogeuka machungwa kwa sufuria, hiyo ndiyo yenyewe.

Chai naacha ipoe kwanza, juu ya digrii 65 inashukiwa kuleta saratani ya umio. Fegi nimeacha, japo ilinitesa.

Na kama chakula kinakukwama, enda hospitali wakumulike koo na kamera, usingoje. Mjomba alikaa miezi akisema ni ulcers, analamba magadi.